Ruksa Kuchelewa

Watu wa ofisi ile walikuwa na ugonjwa mmoja, na waliugua wote wanne. Kila walipopiga simu ya majaribio, neno la kwanza kuwatoka mdomoni lilikuwa "unanisikia?" Walilisema ngazini, walilisema kwenye stoo ya duka la magodoro lililokuwa chini yao, na mmoja wao, ambaye nitamsitiri, alilisema akiwa chooni. Mwenzao akijibu kwamba anasikia vizuri, walitia alama ya vema kwenye daftari na kuendelea na kazi. Mwaka mzima hakuna aliyeona ajabu. Na programu waliyokuwa wakiitengeneza ilikuwa ya viziwi.

Usiwacheke mapema. Walikuwa watu wa bidii, na wazo lao lilikuwa zuri. Kiziwi akienda hospitali anafungua simu yake, na kwenye kioo anatokea mkalimani wa lugha ya ishara aliyeketi zake mji mwingine. Daktari akisema, mkalimani anasikia na kuyageuza maneno kuwa mikono. Kiziwi akijibu kwa mikono, mkalimani anaona na kuigeuza kuwa sauti. Yote hayo yanapita kwenye mtandao wa simu, na mtandao wa simu hauna msimamo: ukisimama dirishani umejaa, ukikaa kitini umekuwa uzi, na watu mia wakiingia uani na simu zao hata huo uzi huuoni tena. Kwa hiyo programu ilipaswa kuupima mtandao kila sekunde, na njia ikiwa nyembamba, ipunguze mzigo yenyewe bila kumsumbua mtu.

Sehemu hiyo ya kupunguza mzigo ilikuwa kazi ya Mla Kucha. Alikuwa na jina jingine kwenye kitambulisho, lakini hili alipewa na dada yake, yeye akiwa na miaka minne na dada akiwa na tisa. Viziwi hawaitani kwa sauti. Kila mtu ana ishara yake, na ishara ya huyu mdogo ilikuwa vidole viwili vinavyopelekwa kwenye meno. Aliwahi kulalamika kwamba angestahili kitu cha heshima zaidi. Dada akamjibu aache kwanza kula kucha, ndipo waje wajadiliane. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa na bado alikuwa anazila, na ofisi nzima ilikwisha kulichukua jina hilo.

Dada alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Haikuwa mimba ya kwanza. Miaka mitatu nyuma alijifungua, na aliyemkalimania siku ile alikuwa Mama. Mama ndiye aliyekuwa masikio yake tangu ile homa ya utotoni iliyoyachukua ya kwake: shuleni, dukani, kwa daktari wa meno, hata siku ya posa. Na Mama alikuwa na mtindo wake. Mtu akisema sentensi kumi, mikono ya Mama ilisema mbili. Siku ile wauguzi walisema mengi, kisha wakanyamaza, na Mama akaegemeza shavu juu ya viganja vyake: mtoto amelala. Siku ya pili bado amelala. Mume wa dada, kiziwi pia, naye aliambiwa hivyohivyo. Siku ya tatu dada alimshika muuguzi mkono, akamwandikia swali nyuma ya karatasi ya dawa, na muuguzi akaandika jibu la maneno matatu. Mtoto alikwisha kuzikwa.

Hawakugombana. Dada aliendelea kumsalimu Mama, kumshonea nguo na kumpelekea mboga, na yule mtoto hakutajwa tena na mtu yeyote. Lakini mimba hii ilipoanza kuonekana, dada alimwita Mla Kucha kwenye chumba chake cha kushonea, akafunga mlango, akamwambia kwamba safari hii Mama hataingia chumba cha kujifungulia. Mla Kucha akasema basi ataingia yeye. Ishara alikuwa anazijua tangu hajaota meno ya utu uzima.

"Wewe utanihurumia," mikono ya dada ilisema. "Mikono yako imefundishwa na Mama. Nataka mtu asiyenipenda."

Neno hilo lilimchoma, lakini pia lilimpa nafasi asiyoitarajia, maana mtu asiyempenda dada alikuwa kwenye programu yake, tayari kabisa. Alipiga kifua. Akaeleza jinsi walivyoijaribu kila mahali, ngazini na stooni, na mazungumzo hayakukatika hata mara moja. Dada akakubali.

Siku ya kliniki ya mwezi wa nane Mla Kucha alibaki ofisini akiifuatilia simu ile kwa mbali. Haruhusiwi kuona picha wala kusikia maneno ya mgonjwa. Anachokiona ni mistari ya rangi inayoeleza hali ya mtandao na hali ya mazungumzo. Saa tatu na nusu asubuhi mtandao wa hospitali ulianza kuzama, watu wa foleni wakiwa wote wameinamia simu zao. Mstari wa mtandao ukawa mwekundu. Mstari wa sauti ukabaki wa kijani dakika kumi na nne mpaka mwisho, na kioo kikaandika: Mazungumzo yamefaulu. Mla Kucha aliruka kitini akapiga makofi. Mkuu wa ofisi, bwana mmoja wa makamo ambaye kila siku alipandisha miwani kipajini kisha akaitafuta, alikuja kuangalia na kumpa mkono.

Alasiri ile alikwenda kwa dada kifua mbele. Dada alikuwa kwenye cherehani, ameupa mlango mgongo. Mtu asiyesikia humwiti. Unagonga sakafu kwa mguu ili ahisi mtikisiko. Mla Kucha akagonga. Dada alihisi, maana bega lilicheza, lakini hakugeuka mpaka alipomaliza pindo lake. Ndipo aliposimama, akanyanyua mkono wa kulia hewani, vidole vimetawanyika na mdomo uko wazi, akaganda. Alikaa hivyo bila kupepesa macho muda mrefu kiasi kwamba Mla Kucha alicheka, akidhani anafanyiwa mzaha. Kicheko kilimwishia njiani.

Dada akamweleza. Mkalimani aliganda hivyohivyo, kisha picha ikazimika. Daktari aliendelea kuzungumza na simu, akitikisa kichwa na kuridhika, kwa sababu mkalimani alikuwa anamsikia vizuri na kumwitikia. Mkalimani alikuwa anatafsiri kila neno kwa mikono, na hakuna aliyekuwa anamwona. Baada ya dakika kumi muuguzi akagundua kwamba mgonjwa anakodolea kioo cheusi, akatoka kwenye korido kumwita Mama, aliyekuwa amemsindikiza na kuketi kwenye benchi. Mama akaingia, akasikiliza maelezo yote upya, akamwambia dada kwamba kila kitu ni sawa, kuna jambo dogo tu, watamsaidia. Jambo hilo dogo dada alikuja kulisoma mwenyewe kwenye kadi akiwa nyumbani: mtoto amekaa kitako, na baada ya wiki tatu atatolewa kwa upasuaji.

"Sauti ilikuwa nzuri?" dada akamwuliza.

Jibu lilikuwa ndiyo. Mla Kucha aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake aliifungua programu na kulitafuta kosa, na halikumchukua nusu saa. Lilikuwa mstari mmoja tu: sauti kwanza, picha baadaye. Hakuuandika yeye. Ulikuja pamoja na vipande vya programu walivyoviazima, maana ndivyo simu za picha zilivyozoea kufanya. Njia ikiwa nyembamba, picha inatupwa na sauti inaokolewa. Wote waliowahi kuutumia mstari ule walikuwa na masikio, na wao wanne walikuwa nayo pia. Aliwaita wenzake akawasomea. Yule wa chooni alijifunika uso kwa daftari la majaribio, lenye alama zake zote za vema.

Mmoja akasema basi wageuze, picha iwe kwanza. Mkuu akakataa, na safari hii alikuwa na haki. Mkalimani asipoisikia sauti ya daktari atatafsiri nini? Sauti ya daktari lazima iende, mikono ya mkalimani lazima irudi. Mikono ya mgonjwa iende, sauti ya mkalimani irudi. Ni mizigo minne, na njia yenyewe ni ya kupita mtu mmoja kwa ubavu. Walibishana mpaka chai ikapoa, na Mla Kucha akabaki bila kucha hata moja ya kutegemea.

Aliyewatoa kwenye shimo hilo ni mkalimani. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya viziwi, mtu mrefu mwenye viganja kama sahani, ambaye kutwa kucha alivaa shati jeusi ili mikono yake ionekane. Alisafiri saa mbili kuja kuwaona hao walioifanya mikono yake ifanye kazi bure. Hakuwagombeza. Alisikiliza ubishi wao wote, kisha akauliza kwa nini wana haraka.

"Mimi nikichelewa dakika nzima, kazi yangu bado ni kazi," alisema. "Nikiruka maneno, basi nimekuwa mpiga umbea."

Hapo Mla Kucha aliacha kutafuna. Simu zote hukimbizana na saa: kipande cha picha kikichelewa kufika kinatupwa, ili watu wawe pamoja sekunde ileile. Nani aliwaambia kwamba dada anahitaji sekunde ileile? Dada anahitaji maneno yote. Wakaanza upya. Maneno ya daktari yangekatwa vipande vidogo, kila kipande na namba yake, na kupangwa foleni ndani ya simu. Mtandao ukiwepo yanakwenda papo hapo, ukikatika yanangoja, ukirudi yanaendelea pale yalipoishia, na mikono ya mkalimani inarudi kwa mpango huohuo. Mwenye zamu ya kusema ndiye anayeachiwa njia. Na picha ikibidi kupunguzwa, waanze na ukuta ulio nyuma ya mtu, wafuatie na rangi, mikono isiguswe. Mkuu aliipata miwani yake, akaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi na kuibandika ukutani: RUKSA KUCHELEWA, MARUFUKU KURUKA.

Mpimaji alikuwa dada mwenyewe. Siku ya kwanza alipoombwa aje alimwacha mdogo wake mlangoni dakika tano nzima akihesabu vifungo. Alikuja, lakini kwa sharti kwamba wote wanne wazibe masikio kwa pamba wakati wa kazi. Alipanda ngazi na tumbo lake, akaketi stooni juu ya magodoro kama malkia, akawakosoa bila huruma. Toleo la kwanza liliokoa mikono na kutupa uso, na dada akawaambia kwamba mikono bila uso ni mtu anayepigana na nzi. Wakaurudisha uso. Toleo la pili lilingoja kimyakimya mtandao ukikatika, na dada akauliza atajuaje kama anangoja au amesahauliwa. Wakaweka namba pembeni mwa kioo, kubwa na ya njano, ya kuonyesha ni vipande vingapi bado viko njiani. Toleo la sita hakulitia kasoro. Aliingia nalo kwenye kona ya mwisho ya stoo, ambako mtandao haujawahi kufika, akatoka, akasoma sentensi zote kumi alizotumiwa na mkalimani, akawapigia ishara ya sifa: mikono miwili juu, vidole vinatikisika. Ndiyo makofi ya viziwi, na Mla Kucha alilia palepale mbele ya mkuu wake.

Ikabaki kazi ya kumwambia Mama. Mla Kucha alimkuta anakunja nguo kitandani, akakaa, akamsaidia kukunja, na maneno aliyoyaandaa njia nzima yote yakamkimbia. Mama ndiye aliyeanza.

"Najua sitaingia," alisema. "Nyinyi mnaniona mwongo."

Mla Kucha akasema hapana, hakuna aliyesema hivyo.

"Maneno mengine yalikuwa mazito, nikayabeba mimi. Yeye alikuwa ametoka kujifungua. Ulitaka nimtwishe?" Mama alikunja kanzu ileile mara ya tatu. "Huyo mkalimani wenu atamwambia yote?"

"Yote, Mama."

"Hata yakiwa mabaya?"

"Hata yakiwa mabaya."

Mama akauliza kama mabenchi ya korido ya upasuaji nayo ni ya mbao, ili aje na mto wa kukalia.

Upasuaji ulipangwa saa tatu asubuhi. Ikatokea dharura ya mgonjwa mwingine, zamu ya dada ikasogea mpaka karibu na saa sita. Mla Kucha aliruhusiwa kuingia kama mtu wa mitambo. Alivishwa joho na kofia, na simu ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ikafungwa kwenye stendi karibu na kichwa cha dada. Dada naye alikuwa na sharti lake, na alilitoa kwa mkono mmoja kwa sababu ule mwingine ulikuwa na sindano ya maji: ingia, lakini mikono nyuma. Kwa hiyo Mla Kucha alisimama kama mwanafunzi mtukutu, viganja vimeshikana mgongoni. Mama na shemeji, yule mume wa dada, walikuwa kwenye benchi nje.

Ganzi ilikuwa ya mgongo, na dada alikuwa macho. Pazia la kijani lilimzuia kuona chini ya kifua. Daktari wa ganzi, aliyeketi kando ya kichwa chake, alikuwa na sauti ya mtangazaji wa redio, na alikuwa ameombwa aseme kila kinachofanyika bila kubakiza. Alisema watamgusa, watamvuta, asiogope kuvutwa. Mkalimani akayageuza, dada akaitikia kwa kidole gumba. Tafsiri ilikuwa nyuma kwa sekunde mbili tu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kiasi kwamba Mla Kucha alianza kuvimba kichwa.

Saa sita kamili wakafungua geti la wageni. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, na mamia ya watu waliokuwa wakingoja barabarani waliingia uani kwa pamoja, kila mmoja akipiga simu kuuliza wodi iko wapi. Kwenye kioo, ukuta wa nyuma ya mkalimani ulitoweka. Kisha rangi ikatoka, akabaki mtu wa kijivu, uso na mikono. Namba ya njano ikasema mbili, ikasema tano. Kisha mkalimani akasimama kabisa, na namba ikaendelea kupanda peke yake.

Wakati huohuo, nyuma ya pazia, mtoto alitoka. Mla Kucha alisikia mikasi, akasikia viatu vikienda haraka kwenye meza ya pembeni. Kitu kimoja hakukisikia. Daktari wa ganzi aliigeukia simu, akasema kwa sauti yake ileile kwamba mtoto ametoka, ni wa kike, hajalia bado, wanamsafisha njia ya hewa, wanampa hewa kwa mpira. Maneno yakaingia kwenye simu na kukaa. Namba ikasimama kwenye kumi na moja.

Dada aliitazama namba. Kisha akamtazama mdogo wake, akamwuliza kwa macho.

Mla Kucha alihisi mkono wake wa kulia unajichomoa mgongoni. Ulikuwa unapanda wenyewe, kiganja kimenyooka, tayari kusema sawa. Hakujua kama ni sawa. Hakujua chochote isipokuwa kwamba meza ya pembeni ilikuwa kimya, na mkono ule ulikuwa wa Mama, mkunjo kwa mkunjo. Alielewa basi jinsi mtu anavyoweza kusema mtoto amelala, na kwamba haihitaji uongo wowote moyoni. Akaupeleka mkono kwenye stendi. Akachomoa simu, akamwonyesha dada ile namba, akaonyesha kwa kidole chumba kidogo cha kunawia mikono kilichokuwa na dirisha, na kumwangalia usoni mpaka dada alipofumba na kufumbua macho kumwambia nenda.

Dirisha lilikuwa juu ya sinki. Alipanda kwenye kigoda, akabandika simu kwenye kioo cha dirisha kama mtu anayetundika pazia. Kumi na moja. Kumi na moja. Upande wa pili wa mlango wa vioo wa kutokea kwenye korido, Mama alisimama kutoka kwenye benchi, akainua mikono na kuuliza: mtoto? Mla Kucha aliweza tu kuonyesha simu kwa kidevu. Kikaja kijiti kimoja cha mtandao. Kumi. Saba. Tatu. Maneno yote yakawa yameondoka, na huko mbali mtu wa shati jeusi alikuwa anayapokea.

Ndipo kilio kikasikika. Kilianza chembamba kama bawaba kavu, kikakatika, kikarudi kimekasirika. Mama alikisikia, akaushika mlango kwa mikono yote miwili. Daktari wa ganzi, akijua simu iko wapi, aliirusha sauti yake mpaka chumba cha kunawia: amelia, saa sita na dakika tisa, anapumua mwenyewe. Hicho kikawa kipande cha kumi na mbili. Kila mwenye masikio alikwisha kujua sasa. Mla Kucha alikuwa na hamu ya kukimbia ndani na habari hiyo mdomoni, mikononi, popote. Alibaki juu ya kigoda, akihesabu mikono ya mkalimani inavyorudi: moja, nne, tisa, kumi na moja. Mtandao ukakatika. Alilaani kwa sauti. Ukarudi, na ya kumi na mbili ikaingia.

Alirudi na kuiweka simu mahali pake. Mkalimani wa kijivu akaanza kusema, bila haraka, tangu mwanzo. Mtoto ametoka. Ni wa kike. Hajalia bado. Uso wa dada ulikwisha rangi, mkono wake mmoja ukashika ukingo wa kitanda, na hakuna mtu chumbani aliyemkatisha. Wanamsafisha njia ya hewa. Wanampa hewa kwa mpira. Kisha mkalimani aliinua kichwa, uso wake ukafunguka, akasema: amelia, saa sita na dakika tisa, anapumua mwenyewe. Dada aliangalia mpaka mwisho, mpaka mikono ya mkalimani ilipotulia. Hapo muuguzi alizunguka pazia na kumlaza mtoto kando ya shavu lake.

Alasiri walimpa kitanda cha dirishani. Shemeji alikaa na mtoto kifuani, akihisi kwa kiganja mgongo ule mdogo unavyotetema kila mtoto alipolia, na kuwatangazia wenzake kwa mkono mmoja: sasa analia, sasa amenyamaza, sasa analia. Mla Kucha alimwomba dada radhi. Zilikuwa dakika tatu nzima, alisema, na kwamba watazipunguza, kuna namna ya kuzipunguza.

"Niliogopa sana," dada akamwambia. "Ilikuwa hofu yangu. Ile ya kwanza mliogopa nyinyi, mimi mkaniacha nje."

Kisha akamtafuta Mama. Mama alikuwa amesimama mwisho wa kitanda na mto wake wa benchi kwapani, hajui kama ameitwa au la. Dada akampapasia mahali pa kukaa. Alingoja Mama atulie, aweke mto chini, mikono iwe mitupu.

"Yule wa kwanza," dada akasema. "Niambie. Usiruke."

Mama aliitazama mikono yake. Mla Kucha alijua angeweza kuinuka na kuwaachia nafasi, lakini dada alimshika nguo, abaki. Mikono ya Mama ilianza vibaya, ikajikosea, ikafuta hewani na kuanza tena. Alisema alikuwa wa kiume. Alisema alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja. Alisema wauguzi walijaribu kwa dakika ishirini, na kwamba yeye alizihesabu kwenye saa ya ukutani, na walipoacha walimpa amshike, na alikuwa bado na joto. Alisema alimwonyesha dirisha. Shemeji alikuwa ameacha kutangaza. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi.

Muuguzi alikuja kusema muda wa wageni umekwisha. Aliiangalia ile mikono ya mwanamke mzee inavyokwenda polepole na yule mgonjwa anavyoifuata kwa macho, akarudi alikotoka. Mama alikuwa bado yuko siku ya kwanza, na hakuwa ameruka kitu.